Kwenye dawati la mhariri msanifu

Habari inayotumwa na mwandishi kutoka mkoani haiendi moja kwa moja kwenye ukurasa. Huanzia kwa mhariri wa habari, anayeamua kama inafaa na itakaa wapi, kisha hutua kwenye dawati la mhariri msanifu. Wasomaji wengi hawajui hata kama mtu huyu yupo. Nilikaa pembeni ya mmoja wao, mwanamke aliyezeekea kazi hii katika chumba cha habari jijini Dar es Salaam, nikamtazama tangu alasiri mpaka kurasa zilipofungwa.

Habari ya kwanza ni ya ajali: basi na lori, vifo, majeruhi. Haigusi kibodi. Anaisoma yote mpaka nukta ya mwisho, mikono ikiwa mapajani, kwanza aelewe mwandishi anataka kusema nini. Ndipo anarudi juu, sasa akiwa na kalamu na kipande cha karatasi, na kila namba anayoikuta anaiandika pembeni. Aya ya kwanza inasema waliofariki ni 14. Aya ya tatu inataja wanaume 8, wanawake 4 na watoto 3. Anajumlisha, anajumlisha tena, anainua simu.

"Mdogo wangu, pole na kazi. Juu umeniambia marehemu 14, huku chini nikiwahesabu napata 15. Kamanda amesema wangapi?"

Jibu linakuja: mtoto mmoja aliyekuwa majeruhi amefariki hospitalini mchana. Mwandishi aliongeza chini, juu hakugusa. "Asante dada, ni 15." Mimi ningerekebisha namba hiyo nikaendelea mbele. Yeye anashuka hadi aya ya tano, palipoandikwa majeruhi 23, anaweka 22. Mtoto yule hawezi kuhesabiwa mara mbili.

Kisha zinakuja siku. Mwandishi ameandika "leo alfajiri", lakini gazeti litasomwa kesho, kwa hiyo inakuwa "jana alfajiri", na mazishi ya "kesho" yanakuwa ya "leo". Saa zina mtego wake. Kwenye habari ya kimataifa aliyopokea baadaye, mtafsiri aliyekuta 7:30 ya jioni kwa hesabu ya Kizungu ameandika saa 7:30 usiku. Anaifuta, anaweka saa 1:30 usiku. Pale ambapo shirika la habari limetaja 14:00 kwa saa za Greenwich, anaongeza saa tatu za Afrika Mashariki, kisha anaigeuza kwa hesabu yetu: saa 11:00 jioni. Haya yote anayafanya kichwani, bila kuinua macho.

Lugha anaipitia kama mtu anayechagua mchele, polepole na bila kuruka punje. "Basi na lori zimegongana" inakuwa "yamegongana". Kwenye habari nyingine, ya tangawizi, wilaya ya Same imewekwa mkoani Tanga, anairudisha Kilimanjaro. Kamusi ya BAKITA iko karibu na mkono wake wa kulia, na nimemwona akiifungua kwa neno ambalo naamini alilijua, kwa sababu tu hakutaka kulikisia.

Habari ya mahakamani ndiyo iliyomkalisha muda mrefu zaidi. Kijana amefikishwa kizimbani kwa tuhuma za wizi wa pikipiki, na mwandishi amemwita mwizi tangu mstari wa kwanza. Msanifu anabadilisha kila mahali: kabla ya kufikishwa mahakamani ni mtuhumiwa, baada ya kusomewa shitaka ni mshtakiwa, na hakuna jina jingine mpaka hakimu atoe hukumu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea aliyeshtakiwa kwa jinai kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Kijana huyo huenda asijue kamwe kwamba mtu asiyemfahamu alimlinda jioni ile.

Sasa anarudi kwenye ajali, kwa sababu ukurasa umepungua. Tangazo limeingia, na habari inatakiwa kupunguzwa kwa karibu theluthi. Hakati kwa kufuata urahisi. Maneno ya kiongozi aliyetoa pole yanabaki mstari mmoja. Namba ya simu ambayo ndugu wanaweza kupiga kuulizia majeruhi haiguswi. Sentensi inayosema dereva alisinzia anaiacha, ila anaipa mwenyewe: "kwa mujibu wa abiria mmoja", na papo hapo anaweka kauli ya polisi kwamba chanzo bado kinachunguzwa.

Kichwa cha habari ni cha mwisho, nacho kina nafasi ya mistari miwili mifupi. Magazeti yetu yana njia yake ya kubana: "limepitisha" huwa "lapitisha", "wamekamatwa" huwa "wakamatwa". Mtu wa dawati la jirani anapendekeza "Basi lagonga lori, 15 wafa". Kinaenea vizuri. Anakikataa. Polisi hawajasema nani alimgonga nani, na "wafa" kwa watu walioacha familia zitakazosoma gazeti hilo anaiona nzito. Anajaribu, anafuta, anapunguza ukubwa wa herufi kidogo, mpaka kinakaa:

Basi, lori yagongana
15 wafariki dunia

Chini ya picha anahesabu watu kutoka kushoto, analinganisha na majina, anahakiki vyeo. Ukurasa unachapwa kwenye karatasi na anausoma upya kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa jicho husamehe mengi kwenye kioo cha kompyuta ambayo hayajifichi kwenye karatasi. Anapata kosa moja: namba ya ukurasa ambako habari inaendelea. Analisahihisha, anatia saini, na ukurasa unakwenda mtamboni.

Siku hizi habari nyingi zinatoka mkononi mwa mwandishi hadi kwenye simu ya msomaji kwa dakika chache, na vyumba vya habari vinavyotafuta pa kubana matumizi hulitazama dawati hili mapema. Wamiliki na wahariri wakuu, kabla hamjaliondoa, kaeni hapo jioni moja na kipande cha karatasi, mhesabu wenyewe yale ambayo yangechapishwa.