Programu Isiyoagizwa na Mtu

Mhandisi wa programu hupimwa kwa yale yaliyoandikwa kwenye wasifu wake: shahada, kampuni, cheo, miaka kazini. Kipimo hicho kinaacha nje jambo kubwa. Naamini ufundi huu hukomaa zaidi katika kazi ambazo hakuna aliyeziagiza, zile programu ndogo anazoandika mtu jioni kwa sababu tatizo fulani limekataa kumtoka kichwani. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi Helsinki alipoanzisha mfumo endeshi wa Linux mwaka 1991 kwa kupenda tu, na leo simu za Android zinasimama juu yake. Richard Hipp alianza hifadhidata ya SQLite mwaka 2000. Sasa imo ndani ya simu hizo hizo. Kwa jirani zetu, David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, alishirikiana na Ory Okolloh, Juliana Rotich na Erik Hersman kujenga programu ya Ushahidi mwanzoni mwa 2008, bila zabuni wala mshahara, ili taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zionekane kwenye ramani. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Sababu ya mafanikio hayo si wepesi wa akili za watu hao pekee. Kazini fundi hupewa kipande. Katika mradi wake mwenyewe hana wa kumwachia kipande kigumu. Tuchukue Nyabiyonza, huko Karagwe, na programu ya kupokea kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi. Mkulima analeta gunia, linapimwa, anapewa stakabadhi, malipo yanafuata. Daftari la karani linaiweza kazi hiyo, kwa hiyo inaonekana nyepesi. Lakini ukiiambia kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa hesabu yake ya kawaida ya desimali, hupati 0.3 bali 0.30000000000000004, kwa kuwa inahesabu kwa sifuri na moja, na kwa namna hiyo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho katika desimali zetu. Anayelijua hili huhifadhi uzito kwa gramu na fedha kwa shilingi kamili. Kisha mtandao unakatika: karani ametuma, jibu halijarudi, anatuma tena, na gunia moja limeuzwa mara mbili. Dawa yake ni kila pimo kupewa namba kabla halijatoka kwenye simu, ili likifika tena litambulike. Hata mipaka ya utawala haitulii. Mwaka 2012 wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe. Programu iliyofunga kila kijiji kwenye wilaya moja milele ingevuruga kumbukumbu zote za nyuma. Maswali haya yote humwangukia mtu mmoja, na kuyajibu ndiko kunakomfanya fundi.

Wapo wanaosema hiyo ni anasa ya wenye nafasi. Hoja yao ina uzito. Kijana anayenunua bando kwa kubana matumizi, au mama anayetoka kazini kwenda kupika na kulea, hana jioni ya bure, na mwajiri anayefanya miradi binafsi kuwa sharti la ajira anamwadhibu kwa umaskini wake. Hata hivyo hoja hiyo inahusu mgawanyo wa muda, si thamani ya kazi. Linux na SQLite ni bure, hupakuliwa mara moja na kufanya kazi bila mtandao. Kinachobaki kutafutwa ni umeme na saa chache, na hizo mwajiri anaweza kuzitoa ndani ya wiki ya kazi.

Wengine wanauliza: akili mnemba ikiandika msimbo, ya nini kujitesa? Ni kweli inaandika upesi, na kuikataa ni kupoteza nguvu bure. Lakini hujibu ilichoulizwa. Ukiiomba skrini ya kupokelea kahawa, huenda ikakuwekea kitufe cha kufuta, nawe usipojua utakishukuru. Aliyekwisha kuhangaika na hesabu za watu anajua kwamba pimo lililokosewa halifutwi: huandikwa ingizo la pili la kulirekebisha, lenye tarehe na jina la aliyerekebisha, ili mkulima akirudi na stakabadhi yake ya kwanza aonyeshwe kilichobadilika na aliyekibadilisha.