Uwanja Wenye Paa: Uhakiki wa BK Arena ya Kigali na Jina Lake

Jengo la michezo lililofunguliwa jijini Kigali mwezi Agosti 2019 limesifiwa zaidi kwa kasi ya ujenzi wake. Kampuni ya Kituruki ya Summa ililisimamisha kwa takriban miezi sita, nalo lina nafasi ya watu 10,000. Mwaka mmoja kabla, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imekamilisha Dakar Arena nchini Senegali, yenye nafasi ya watu 15,000. Kasi hiyo hatuipingi. Makala haya yanauliza jambo jingine: jengo hili tuliiteje kwa Kiswahili, na ugumu wa kulipa jina unafichua nini kuhusu umbo lake?

Jengo liko Remera, si katika kitovu cha zamani cha jiji kule Nyarugenge. Limejengwa ubavuni mwa uwanja wa Amahoro, ambako maelfu ya watu walikimbilia mwaka 1994 kutafuta ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Amahoro ni neno la Kinyarwanda, maana yake amani. Jirani yake mdogo huitwa Petit Stade, kwa Kifaransa. Mwaka 2019 ikaongezwa Arena, kwa Kiingereza. Lugha tatu rasmi zimegawana eneo moja. Ya nne, Kiswahili, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2017, haikuachiwa hata jina la mlango.

Watangazaji wetu hujikwamua kwa kusema “uwanja wa BK Arena”. Lakini uwanja, kwa maana yake ya msingi, ni mahali peupe mbele ya nyumba, chini ya mbingu. “Uwanja wa ndani”, kama tusemavyo Dar es Salaam, ni suluhu iliyobeba mgongano tumboni mwake. Ukumbi, kwa upande wake, ni sehemu ya nyumba ya kupokelea wageni, na kwa maoni yangu ndilo neno linalolifaa jengo hili. Mpira wa kikapu humo ni mgeni mmojawapo tu, ingawa ndiye mheshimiwa: msimu wa kwanza wa Ligi ya Kikapu ya Afrika, Mei 2021, ulichezwa wote chini ya paa hilo. Machi 2023 walikaa humo wajumbe wa Kongamano la FIFA, na Desemba ya mwaka huo akaimba Kendrick Lamar. Sakafu hubadilika, mwenyeji ni yule yule. Atakayedai kwamba ukumbi unanuka harusi na semina ana hoja, ila hoja yake ni ya ukubwa, si ya maana. Sehemu yenyewe ya kuchezea na iitwe kiwanja: kiwanja ndani ya ukumbi.

Hapa ndipo usanifu unapostahili lawama kidogo. Uwanja wa asili humruhusu mpita njia kusimama, kutazama na kubishana bila tiketi. Ukumbi huu umegeuza mgongo kwa barabara; aliye nje huona kuta na taa, mchezo haumfikii. Si kosa la Kigali peke yake, ni tabia ya majengo ya aina hii popote. Hata hivyo, kuliita “uwanja” kunatufanya tusahau kilichopotea.

Hadi Mei 2022 jengo liliitwa Kigali Arena. Ndipo Benki ya Kigali ikapata haki ya jina kwa mkataba wa miaka sita, na jiji likabaki herufi moja, ile K. Mkataba wa jina ni sera ya lugha hata kama aliyeuandika ni mwanasheria wa biashara: anayelipa huchagua jina mahususi, lakini neno la jumla linalolitangulia ni la umma, na linaweza kudaiwa katika lugha zote rasmi kwa kifungu kimoja tu. Miaka hiyo sita inakwisha 2028. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina muda wa kutosha kuamua kati ya uwanja na ukumbi kabla wino wa mkataba unaofuata haujamwagwa.