Neno Fupi, Maana Nyingi

Neno "run" la Kiingereza lina herufi 3 tu, walakini mwaka 2011 ilielezwa kuwa wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford wamekihesabia kitenzi hicho maana 645. Mfasiri aliyekariri maana moja tu, kukimbia, huharibu kazi: mto wake hukimbia badala ya kutiririka, na mwenye duka, ambaye kwa kweli anaiendesha biashara yake, huambiwa anaikimbia. Bidii imegeuzwa woga! Kiswahili nacho kina "piga": twapiga hodi, twapiga pasi, twapiga magoti, wala hapana anayeumia. Basi, msomaji, neno usilipime peke yake. Litazame pamoja na maneno yaliyo jirani yake, ndipo likupe maana.