Chano cha Mogadishu: Mji na Chakula katika Masimulizi ya Ibn Battuta

Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331. Wahakiki wengi huichukua sehemu ya masimulizi yake inayohusu chakula kuwa pambo tu. Usomaji huo ni finyu. Mgeni anawekewa chano cha wali wa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kisha ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Msimulizi anaorodhesha, anastaajabia unene na ulaji wa wenyeji, kisha anapita. Ngamia wa mji huo amekwisha kuwataja, lakini kama ajabu tu. Hawahusishi na chano.

Msomaji wa Kotile, katika kaunti ya Garissa, atakisoma chano hicho vingine. Kando ya Mto Tana samli na maziwa ni mali ya mfugaji, ndizi ni jasho la mkulima wa ukingoni, na ukame ukiingia kila kimoja hujulikana kwa kukosekana kwake. Kwake yeye, chano ni mapatano ya bara na pwani.

Kitabu kilikamilika mwaka 1355, kwa kalamu ya Ibn Juzayy. Ladha ilidumu katika kumbukumbu. Waliolisha mji hawakudumu. Mhakiki anayeirudia orodha hiyo bila kuihoji huurithi ukimya wake, na kuuandika mji wa pwani kana kwamba ulijilisha wenyewe.