Chai ya Birika na Chai ya Sufuria

Twapenda kupima hapa maandishi mafupi ya Mwingereza mmoja juu ya chai, yaani makala ya George Orwell iitwayo "A Nice Cup of Tea", iliyotokea katika gazeti la Evening Standard la London tarehe 12 Januari 1946. Labda msomaji atauliza: Mwalimu wa Kagondo, akaaye kati ya migomba na mibuni, ana shauri gani na birika la Mwingereza? Jibu letu ni kwamba sheria za birika hilo zilitufikia kabla hatujamsoma mwandishi mwenyewe. Ziliingia katika madaftari ya wasichana wetu kwa jina la "njia iliyo sahihi ya kutengeneza chai", na kwa sheria hizo watoto wamehesabiwa makosa.

Orwell ataja sheria 11. Majani yawe ya Bara Hindi au ya Ceylon. Birika liwe la udongo au la kauri, tena lipashwe moto kwanza. Majani yawe mengi, vijiko 6 vya kujaa kwa birika lipatalo lita moja na kidogo. Kichujio hakitakiwi. Birika lipelekwe kwenye maji yachemkayo, wala maji yasipelekwe kwenye birika. Chai imiminwe kwanza, maziwa yafuate. Na sukari, hata kidogo. Nyingine si lazima kuzitaja.

Twamsifu mwandishi kwa jambo moja kubwa. Aandika kama mtu acheka na huku asema kweli. Akiri waziwazi kwamba baadhi ya sheria zake zina ubishi mkali, na kwamba ndizo ladha yake yeye. Watungaji wa masomo ya upishi hawana staha hiyo: sheria za namna ile ile huzinakili bila kicheko. Tena msomaji akumbuke wakati wenyewe. Uingereza chai iligawanywa kwa kipimo tangu mwaka 1940 mpaka 1952, na kwa muda mrefu fungu la mtu mmoja lilikuwa wakia 2 kwa juma, yaani gramu 57 hivi. Basi mtu huyu alikuwa akilinda kitu kilichoadimika, na ukali wake ni ukali wa mwenye kidogo. Hili twalielewa sana. Sisi tulikuwa watoto katika miaka ile ya uhaba baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na twakumbuka jinsi mama zetu walivyopima sukari kwa ncha ya kijiko.

Lakini mwenye kidogo wa London na mwenye kidogo wa Kagondo hawakufuata njia moja. Yule alitia majani mengi katika maji machache, akanywa vikombe vichache vyenye nguvu. Sisi twatia majani machache katika sufuria, twayapa moto mpaka yatoe rangi yote, ili watu wanane wapate. Hizi ni akili mbili za umaskini mmoja. Orwell hakuiona ya pili. Alipoitaja chai ipikwayo katika sufuria kubwa, ile ya askari, aliitaja kwa kuidharau tu.

Na hapo ndipo twamwona amekosea. Kupika chai si uharibifu wa desturi iliyotangulia. Lu Yu, Mchina aliyetunga kitabu cha kwanza kikubwa juu ya chai katika karne ya 8, alifundisha kusaga majani na kuyachemsha motoni, na kutia chumvi kidogo. Kuloweka majani mazima katika birika kulienea nchini China baadaye sana, baada ya mfalme wa enzi ya Ming kukomesha, mwaka 1391, kodi ya chai ya mabonge. Kwa hiyo sufuria ni mkubwa wa birika kwa umri. (Lakini tusijisifu mno: huyo Lu Yu aliwakemea watu waliotia tangawizi, na angalionja chai ya Waswahili angaliimwaga.)

Hoja yake juu ya sukari nayo yachekesha ikisomwa huku kwetu. Asema kwamba atiaye sukari katika chai angaliweza vilevile kutia pilipili au chumvi. Naye adhani ametaja jambo lisilowezekana kabisa. Kumbe chai ya viungo ya pwani yatiwa tangawizi, iliki, mdalasini, na pilipili manga pia! Na Tibeti watu hunywa chai yenye chumvi na siagi. Mtu aliyezaliwa Bara Hindi mwaka 1903, akawa polisi nchini Burma mpaka 1927, angaliweza kutazama mbali zaidi ya meza yake. Majani ya Bara Hindi aliyakubali. Mapishi yao hakuyataja.

Ule ubishi wa maziwa kwanza au chai kwanza haupo katika sufuria. Mwaka 2003 wanakemia wa Royal Society of Chemistry walimpinga Orwell, wakasema maziwa yatangulie, kwa sababu yakimwagwa kidogo kidogo katika chai ya moto sana protini zake huharibika. Sisi maziwa twayachemsha pamoja na chai, na ladha ile ya maziwa yaliyoiva, waliyoikimbia wao, ndiyo tuipendayo.

Sasa twakiri kosa letu. Miaka iliyopita msichana mmoja aliandika katika daftari lake: "Tia maji na maziwa, yakichemka tia majani, acha yapande mara mbili, kisha chuja." Tulipiga mstari mwekundu, tukaandika kwamba chai haipikwi. Alisoma, akafunga daftari, asiseme neno. Nyumbani kwao walikuwa na ng'ombe, na kila asubuhi ndiye aliyekoka moto. Maziwa mabichi huchukua homa ya brusela na kifua kikuu. Maziwa yaliyopanda motoni mara mbili hayadhuru. Kitabu chetu kilimwambia amimine maziwa ya baridi juu ya chai, kwa kuwa kilitungwa mahali ambapo maziwa hufika mlangoni yakiwa yamekwisha safishwa kwa moto. Basi yeye alishika sheria yenye sababu, nasi tulishika sheria ambayo sababu yake ilibaki ng'ambo.

Hata hivyo si kila lifanywalo katika sufuria lastahili kutetewa. Kuna nyumba ambamo majani ya asubuhi hurudishwa motoni adhuhuri na tena jioni, mpaka chai iwe chungu kama dawa. Kuna kunywa chai nzito pamoja na ndizi na maharage, ilhali chai huzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika maharage. Kwa mama mjamzito hilo si dogo. Kuna kunywa chai ingali yaunguza, jambo ambalo wataalamu wa saratani wa Umoja wa Mataifa walilitilia onyo mwaka 2016 kwa ajili ya umio, wakitaja joto lipitalo nyuzi 65. Na kubwa kuliko yote twaona ni sukari kutiwa ndani ya sufuria. Mgeni mwenye kisukari afanye nini? Akikataa kikombe, amemkataa mwenyeji, akikipokea, amejidhuru. Hapa Orwell, pamoja na ukaidi wake, atusaidia, maana kikombe chake chamwachia kila mtu uhuru wake.

Tena hata desturi yetu ya zamani yatuhukumu. Buni za kutafuna, akamwani, huchemshwa pamoja na majani ya kunukia, zikaanikwa, mgeni akapewa mkononi achukue apendavyo. Zilikuwa na sheria nzito kuliko chai yoyote: katika kufunga udugu wa damu, watu wawili waligawana punje mbili za tunda moja, zilizopakwa damu. Lakini katika ukarimu wa kila siku, mkono wa mgeni ndio uliochagua. Chai imeingia katika nafasi ya buni barazani, nayo haikuurithi uhuru huo.

Limebaki neno la lugha. Kiswahili chasema kupika chai, na Kihaya chatumia okuchumba, kitenzi kile kile cha ndizi. Watu wakisema "kunywa chai" asubuhi, wamaanisha mlo mzima. Chai isiyo na maziwa ni "chai ya rangi", na isiyo na kitafunio ni "chai kavu", ingawa yalowesha koo. Hata mchaichai, usio na undugu wowote na mti wa chai, umeitwa hivyo kwa kuwa wapikwa kama chai. Katika maneno hayo yote hatukupata hata moja la kuloweka majani katika birika. Wasomaji wa Karagwe, Biharamulo na Ukerewe, kama mna neno hilo katika lugha zenu, twawaomba mtuandikie, pamoja na kutueleza kwenu sukari huwekwa wapi. Daftari lile hatunalo tena, wala hatujui msichana yule aliolewa upande gani. Lakini somo la chai tumelibadili, na mstari wa kwanza sasa ni wake.