Israeli kwa katuni: mashaka ya Glidden, mhadhara wa Pekar

Kuna kitabu kinachokupa majibu, na kuna kinachokutwika mzigo uubebe mwenyewe. How to Understand Israel in 60 Days or Less (2010) cha Sarah Glidden ni cha aina ya pili. Glidden, Myahudi wa Marekani anayewahurumia Wapalestina, anakwenda Israeli kwa Birthright, safari ya bure ya vijana wa Kiyahudi. Kajiandaa kupinga kila atakachoambiwa. Kinachomchanganya ni kwamba baadhi ya wenyeji wake wana hoja. Basi anachora mahakama kichwani mwake, safari yenyewe ikiwa kizimbani. Nilicheka, halafu nikanyamaza.

Linganisha na Not the Israel My Parents Promised Me (2012) cha Harvey Pekar, kilichochorwa na JT Waldman na kutoka miaka miwili baada ya Pekar kufariki. Huyu anazunguka mji wake wa Cleveland akisimulia jinsi Israeli ya wazazi wake ilivyomponyoka. Uchungu wake ni wa kweli, ila anaongea mno. Kurasa zinageuka mhadhara.

Mimi namchagua Glidden, kwa sababu anakubali kuonekana kayumba. Lakini kuna jambo linanikera: Wapalestina wanazungumziwa kuliko wanavyozungumza wenyewe. Ndivyo dunia inavyoonekana ukiwa ndani ya basi la wageni. Kwa hiyo ukimaliza, usikirudishe rafuni kabla hujasoma Palestine cha Joe Sacco. Yeye alishuka kwenye basi.