Mahadhi Kabla ya Maneno: Uhakiki wa Nyimbo za Ibada za Kiswahili Jijini Nairobi

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamebishana kwa muda mrefu juu ya vina na mizani. Amri Abedi alizipanga sheria za utunzi mwaka 1954. Kezilahabi akaja kuzitikisa kwa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974. Na tangu hapo pande mbili zimekuwa zikijibizana, wanamapokeo kwa upande mmoja na watetezi wa mashairi huru kwa upande wa pili. Katika mjadala huo wote, tungo zinazotamkwa na vinywa vingi zaidi kila juma hazikupewa nafasi inayozistahili. Tungo hizo ni nyimbo za ibada za Kikristo. Mtu ambaye hajapata kufungua diwani hata moja huweza kuimba beti kumi za Kiswahili kwa moyo, bila kitabu, penye jeneza la jirani yake. Tungo za namna hiyo hazistahili kuachwa nje ya uhakiki.

Makala haya yanachunguza fani ya nyimbo hizo kama zinavyoimbwa katika makanisa ya katikati ya jiji la Nairobi na katika mitaa ya magharibi, yaani Kawangware, Kangemi, Dagoretti na Uthiru. Hoja yake ni kwamba udhaifu ambao waumini wengi huuhusisha na lugha ya Kiswahili si wa lugha hata kidogo. Ni udhaifu wa utaratibu wa kutafsiri ulioyatanguliza mahadhi na kuyaburuta maneno nyuma yake.

Kwanza yafaa kuitazama hali ya lugha yenyewe jijini. Katika makanisa mengi ya Nairobi ibada ya Jumapili hugawanywa kwa lugha: ipo ya Kiingereza, ipo ya Kiswahili, na mahali pengine ipo ya lugha ya kabila lenye waumini wengi. Mgawanyo huu una sababu za haki, lakini pia umezaa daraja. Ibada ya Kiingereza huhesabiwa kuwa ya wasomi na vijana wa shule. Ile ya Kiswahili huonekana kuwa ya wazee, wafanyakazi wa nyumbani na wageni waliotoka mashambani. Hata hivyo mauti yanapobisha hodi daraja hizo huvunjika. Katika mikutano ya jioni ambapo majirani hukusanyika kuomba, kuimba na kuchanga fedha za kumsafirisha marehemu hadi kwao, Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo na Mkamba huketi pamoja, na aghalabu lugha inayowaunganisha katika wimbo ni Kiswahili. Hapo ndipo uzito wa suala hili unapoonekana. Mfiwa anapaswa kupewa maneno anayoweza kuyatamka kwa maana yake kamili.

Kasoro ya kwanza ya nyimbo zilizotafsiriwa ni ya mkazo. Kila mwanafunzi wa isimu anajua kwamba mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ila katika maneno machache ya kukopwa. Mkazo huo si pambo. Neno barabara huwa na maana ya njia mkazo ukiwa katika silabi ya pili, na huwa na maana ya sawasawa mkazo ukiwa katika silabi ya tatu. Ushairi wa Kiingereza, kwa upande wake, hupenda sana mstari unaomalizikia kwa silabi yenye mkazo, kwa kuwa lugha hiyo ina maneno mengi ya silabi moja. Mahadhi ya nyimbo za Kiingereza yalitungwa kuufuata mtindo huo: pigo zito huangukia noti ya mwisho ya mstari. Kiswahili hakina neno la kawaida, lenye silabi mbili au zaidi, linaloweza kuikalia noti hiyo bila kuumizwa.

Tuchukue sentensi ya kila siku: Mama yangu yuko kwetu. Ina mizani nane, na mikazo yake imo katika silabi za kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Iwekwe sasa katika mahadhi ya Kiingereza yenye mistari minne ya silabi nane nane, ambayo mapigo yake yamo katika silabi za pili, ya nne, ya sita na ya nane. Hesabu ya mizani itatimia bila upungufu wala ziada, lakini mwimbaji atalazimika kutamka ma-MA ya-NGU yu-KO kwe-TU. Hakuna mtoto wa Mombasa wala wa Kawangware asemaye hivyo. Mfasiri aliyehesabu silabi tu ataona kazi yake imekamilika, ilhali sikio litasema neno limetolewa mahali pake.

Yamkini atatokea mtu wa kupinga kwamba wimbo si usemi, na kwamba waimbaji wa kila lugha huruhusiwa kuvuta na kukata sauti. Hoja hii ina ukweli wake. Utenzi wenyewe hughaniwa, na mghani hurefusha irabu apendavyo. Tofauti ni kwamba mghani wa utenzi hafungwi na pigo lisilobadilika. Mikazo ya ndani ya kipande hutembea kwa jinsi maneno yalivyo. Kilichothibiti ni idadi ya mizani, kina cha mwisho, na mkazo wa silabi ya saba ambao maumbile ya lugha huuleta penyewe. Mahadhi ya namna hiyo huyahudumia maneno. Katika wimbo wa kutafsiriwa maneno ndiyo yanayotumikishwa.

Kasoro ya pili ni ya ujazo wa maana. Mstari wa Kiingereza wenye silabi nane huweza kubeba maneno saba au manane. Mstari wa Kiswahili wa mizani hiyo hiyo hubeba matatu au manne. Neno moja kama nitamshukuru lina mizani sita, nalo ni sentensi nzima yenye mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Mfasiri anayeng'ang'ania kuujaza mstari kwa mstari hubaki na njia mbili. Ama huacha nusu ya fikra, ama huigawanya fikra katika mistari isiyo na nafasi ya kuitosha, kisha huziba mapengo kwa viraka vya kweli, sana, nami na daima. Taswira zilizokuwa na mwili katika lugha ya asili hugeuka kuwa nomino dhahania zinazofuatana. Hali kadhalika silabi ya m katika maneno kama mtu na mtoto, ambayo mshairi wa mapokeo huihesabu kuwa mizani kamili, mara hupewa noti yake na mara humezwa, hata katika wimbo mmoja.

Kasoro ya tatu imo katika jina. Kitabu kinachojulikana sana miongoni mwa Waprotestanti wa Nairobi huitwa Tenzi za Rohoni. Utenzi katika fasihi ya Kiswahili una umbo linalofahamika: ubeti wa vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja, cha nne kikibeba kina cha utungo mzima. Tungo za kitabu hicho, ambazo kwa sehemu kubwa ni tafsiri za nyimbo za uamsho za Kiingereza, hazifuati umbo hilo. Waliokipa kitabu jina walichukua jina la nyumba wakaliacha jengo lake.

Jengo hilo lilikuwapo, tena lilikuwa la ibada. Utendi wa Tambuka ulinakiliwa Pate mwaka 1728, na Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858. Kutokana na mapokeo haya ya Kiislamu, na ya lugha ya pwani kwa jumla, Krapf kule Rabai na Steere kule Zanzibar waliyapata maneno mengi waliyoyahitaji: imani, rehema, neema, dhambi, toba, sadaka, malaika. Kanisa lilikubali msamiati wa mapokeo hayo bila kusita. Umbo la ushairi wake ndilo lililoachwa mlangoni. Kwamba haikulazimu kuwa hivyo, Mathias Mnyampala alithibitisha kwa vitendo alipotoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963 na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Mkristo wa Ugogo aliitumia bahari ya Waislamu wa pwani kueleza habari za Injili, na lugha haikulalamika.

Ulinganisho na kanisa la Moravian unaweza kutusaidia hapa, kwa kuwa pengine hakuna jamii ya Kiprotestanti iliyoutukuza wimbo kuliko hiyo. Mizizi yake imo katika Umoja wa Ndugu ulioanzishwa Bohemia mwaka 1457. Ulipofufuka Herrnhut, Ujerumani, chini ya Zinzendorf, ulianza mwaka 1728, mwaka ule ule wa nakala ya Tambuka, desturi ya kutoa neno la Biblia kwa kila siku, na neno hilo husomwa mpaka leo pamoja na ubeti wa wimbo. Mwaka 1891 wamisionari wake walifika Rungwe, na baadaye kazi ikaenea hadi Unyamwezi. Mmoravian wa Mbeya au wa Tabora hurithi, pamoja na imani, mahadhi ya Kijerumani.

Mahadhi ya Kijerumani yana jambo moja linalomhusu mwanaisimu. Vitenzi na nomino nyingi za lugha hiyo humalizikia kwa silabi hafifu, na kwa sababu hiyo mistari mingi ya nyimbo zake hutua juu ya silabi isiyo na mkazo, kama Kiswahili kinavyotaka. Wimbo wa Zinzendorf uitwao Jesu, geh voran, kwa mpango alioutengeneza Christian Gregor katika kitabu cha nyimbo cha mwaka 1778, una mistari sita ya silabi tano, tano, nane, nane, tano, tano. Mistari ile miwili ya katikati ina mapigo katika silabi za kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Sentensi yetu ya Mama yangu yuko kwetu ingeingia hapo bila kujeruhiwa. Mistari ya silabi tano, kinyume chake, humalizikia kwa pigo zito, nayo ingemshinda mfasiri vilevile kama ya Kiingereza ilivyomshinda. Kwa hiyo suala si Ujerumani dhidi ya Uingereza. Ni kupima kila mstari wa mahadhi kwa sikio la Kiswahili kabla ya kuupokea.

Hata miongoni mwa Wamoravian walikuwako walioona kwamba kupima peke yake hakutoshi. Katika miaka ya 1930 mmisionari F. F. Rietzsch aliuchunguza muziki wa wenyeji wa kusini mwa Tanganyika na kutetea utumike kanisani. A. M. Jones, padre aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, naye alionyesha jinsi mahadhi ya Kizungu yanavyogongana na toni za lugha za Kibantu. Hoja ya Jones haiwezi kuhamishiwa Kiswahili kama ilivyo, maana Kiswahili si lugha ya toni. Lakini Mkikuyu wa Dagoretti anayeimba kwa lugha yake hupambana na mgongano wa toni, na akiimba kwa Kiswahili hupambana na ule wa mkazo. Asili ya matatizo hayo mawili ni moja.

Je, pana ushahidi kwamba Kiswahili cha ibada kinaweza kuimbwa vizuri Nairobi? Upo, tena uko barabarani. Kanisa la African Israel Church Nineveh, lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942 huko magharibi mwa Kenya, limejulikana jijini kwa maandamano yake ya Jumapili yenye ngoma na bendera. Pambio zinazoimbwa katika maandamano ya aina hii, na katika mikesha ya makanisa mengine pia, ni fupi: kiongozi hutoa mstari, umati huitikia, na ngoma hufuata mkazo wa neno. Anayetunga pambio haanzi na noti tupu zinazongojea kujazwa. Huanza na kauli, na kauli huzaa mahadhi yake. Ndiyo maana pambio hazina viraka.

Haifai, hata hivyo, kuzitukuza pambio kupita kiasi. Ufupi wake ndio nguvu yake na ndio mpaka wake. Haziwezi kujenga hoja, kusimulia kisa kwa mfululizo, wala kumwongoza mfiwa kutoka malalamiko hadi tumaini kama utungo mrefu uwezavyo. Wimbo wa kutafsiriwa, pamoja na kasoro zake zote, hujaribu kuifanya kazi hiyo, na mapenzi ya waumini kwake si ujinga. Vizazi vitatu au zaidi vimezikwa kwa nyimbo hizo. Mhakiki atakayependekeza zifutwe atakuwa hakuielewa kazi ya fasihi katika maisha ya watu. Kumbukumbu nayo huweza kukinyoosha kilichopotoka, na mwimbaji mzee huusogeza mkazo mahali pake bila hata kujua kwamba anamsahihisha mfasiri.

Kinachohitajika ni utunzi mpya utakaosimama kando ya ule wa zamani. Umbo la utenzi, lenye mizani nane na kituo chake katika silabi ya saba, linaweza kubeba simulizi ndefu za ibada. Mwitikio wa pambio unaweza kutumika kama kipokeo chake. Waalimu wa kwaya wa Kangemi na Kawangware wanaujua muziki, na wanafunzi wa ushairi katika vyuo vyetu wanazijua bahari. Makundi haya mawili hayajazoea kuketi meza moja. Idara za Kiswahili zingeweza kuanza na kazi ndogo: kuzirekodi pambio na nyimbo kama zinavyoimbwa katika mikutano ya msiba, kuziandika pamoja na mikazo yake, na kuonyesha ni wapi waimbaji wenyewe wameshamrekebisha mfasiri. Kazi hiyo ingewafaa wanaisimu, na ingewapa watunzi wa kesho mahali pa kuanzia. Hadi hapo haitakuwa haki kwa muumini anayehamia ibada ya Kiingereza kudai kwamba Kiswahili hakina heshima ya kumwimbia Mungu. Alichokikimbia ni Kiswahili kilichovikwa vazi lililokatwa kwa kipimo cha mwili mwingine.